Mashine Ilikuwa Yetu

"Pumba zangu usizichanganye."

Baba mdogo alikuwa anamwambia kijana wa mashine, vumbi la unga limemkaa kwenye nyusi. Tulikuwa tumepeleka madebe matatu ya mahindi, mawili ya kukoboa na moja la dona. Pale kijijini kwetu, nje kidogo ya Songea, mwenye mashine anachukua hela ya kukoboa, anachukua hela ya kusaga, na usipokuwa macho anabaki na pumba pia. Baba mdogo ana nguruwe wanne. Alisimama pale mpaka pumba ya mwisho ilipotoka, akazifunga mwenyewe kwenye kiroba, akakaza kamba kwa goti.

Tukiwa njiani, mimi nasukuma baiskeli na yeye ameshika mzigo kwa nyuma usilale upande, akasema bila kuniangalia:

"Sisi tulikuwa na mashine yetu. Songea mjini kabisa. Wakaja wakaichukua."

Nikadhani anazungumzia mali ya ukoo. Nikamuuliza ni babu yupi aliyekuwa na mashine.

"Si babu. Sisi. Chama. Mimi nimesoma Litowa."

Kwenye kona tukakutana na watu wanatoka msibani, salamu zikawa nyingi, na habari ile ikaishia hapo. Siku mbili baadaye nilipanda basi la kurudi Dar. Hiyo ni wiki ya sita sasa, na sijalala vizuri.

Barua niliyoiandika

Safari ile nilikwenda kwa kazi moja. Mama yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, akina mama 27 wanaokutana kila Jumatano mchana chini ya mparachichi. Alijitokeza mfadhili akaahidi kuwapa shilingi milioni 8. Masharti yake yalikuwa matatu: kikundi kibadilishe katiba, ofisa wa mfadhili awe mmoja wa watia saini wa akaunti, na hela yote iende kwenye kuku wa mayai.

Akina mama wakaniita niwasomee makaratasi, maana mimi ndiye mtoto wao aliyesoma. Nikasoma. Nikawaambia wakubali. Nikawaandikia kabisa barua ya kukubali, ikabaki kujazwa tarehe na kutiwa saini.

Kusema kweli sikuona tatizo lolote. Milioni 8 ni hela nyingi kwa watu wanaonunua hisa za elfu mbili mbili.

Mama peke yake aliuliza swali. "Na tukitaka kitu kingine, siyo kuku?"

Nikamjibu kwamba kuku wana faida, mtaalamu ameshapiga hesabu.

Akasema, "Haya."

Yale maneno ya baba mdogo njiani yalikuja kesho yake asubuhi.

Litowa

Nimezaliwa na kukulia Songea. Shuleni nilikariri Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na miiko ya uongozi yote. Nilifaulu. Lakini hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba kabla ya Azimio, watu wa mkoa huu wa kwetu walikuwa tayari wanaishi ule ujamaa ambao Azimio lilikuja kuutamka.

Kwa hiyo nilianza kusoma, na jioni, simu ya baba mdogo inapokuwa na chaji, nampigia.

Mwishoni mwa 1960, uhuru ukiwa bado mwaka mzima mbele, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini Litowa kufungua shamba la pamoja. Hapakuwa na mradi wala bajeti. Mara ya kwanza njaa iliwashinda. Wakarudi tena, safari hii wakiwa wamejifunza kwamba shamba jipya haliwezi kumlisha mtu kabla halijavunwa, na kwamba lazima uje na chakula chako.

Walipata mafanikio kiasi kwamba majirani wakaja kuuliza. Vijiji vilivyofuata njia yao viliungana kuunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, ambacho walioandika habari zake wanakiita kwa herufi zake za Kiingereza, RDA. Kufikia 1969 vilikuwa vijiji 17. Havikuwa vikubwa, na familia zote kwa jumla zilihesabika kwa mamia tu. Mtu akitaka kukidharau chama kile kwa idadi, atakidharau kwa urahisi.

Kilichonifanya nisimame kwenye chumba changu nikizungukazunguka ni namna walivyoendesha mambo. Kijiji kiliamua chenyewe, mkutanoni, kilime nini, nani afanye kazi gani, mavuno yagawanywe vipi. Wanawake walikaa mkutanoni kama wanachama. Chama cha juu hakikuwa na amri juu ya kijiji; kazi yake ilikuwa kutafuta vile ambavyo kijiji kimoja hakiwezi kuvipata. Kijiji kipya kilipotaka kuanza, wanachama wazoefu walikwenda kuishi huko, wakalima nao, wakalala njaa nao ikibidi.

Na walijua hela inapotelea wapi. Hili baba mdogo alinieleza kwa simu kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: mkulima anauza gunia la mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, halafu miezi michache baadaye ananunua sembe dukani, bei ikiwa juu. Katikati ya mahindi yake na sembe yake amesimama mtu mwenye mashine. Ndiyo maana chama kilinunua mashine ya kusaga Songea mjini. Ndiyo maana kilikuwa na mashine ya kupasua mbao na karakana ya kutengeneza magari. Watu wa Litowa walivuta maji ya bomba kwa nguvu zao. Walijifunza kusokota na kufuma sufu.

Nilipoisikia habari ya mashine niliwakumbuka wale nguruwe wanne na kile kiroba cha pumba. Zaidi ya miaka hamsini imepita na baba mdogo bado anasimama mlangoni kwa mtu mwingine.

Shule

Hapa sauti yake hubadilika.

Vijiji vya chama vilipeleka watoto wao Litowa, wakakaa na kusoma huko. Mwalimu mkuu alikuwa Suleiman Toroka. Watoto walilima wenyewe sehemu ya chakula chao na walikaa vikao vyao wenyewe kupanga kazi. Elimu haikuwa ya kumwandaa mtoto akimbie kijiji. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, watu wa Litowa waliisoma kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.

"Ulikuwa unapenda kulima?" nilimuuliza baba mdogo.

"Nani anapenda kulima? Nilikuwa napenda kikao. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikanyoosha mkono, nikasema maharage yapandwe upande ule wa bondeni. Wakayapanda."

"Yakaota?"

"Yakaoza, maji mengi. Lakini waliyapanda."

Nilichokuwa nakihofia

Nikaanza kujitilia shaka. Mzee wa miaka karibu sabini akikumbuka utoto wake, kila kitu kinanukia vizuri. Na mimi, mtoto wa Songea, napenda kusikia kwamba kwetu kulikuwa na jambo kubwa. Kwa hiyo nikajilazimisha kuwasikiliza waliokipinga.

Walisema chama kile kilikuwa dola ndani ya dola. Walisema kinaendeshwa na wazungu.

Mzungu kweli alikuwepo. Ralph Ibbott, Mwingereza, alikuja na mkewe Noreen na watoto wao wakakaa Litowa wakati vijiji vikiwa bado vichanga. Kabla ya hapo walikuwa Rhodesia ya Kusini, kwenye shamba la misheni la St Faith's, ambako weusi na weupe walijaribu kulima pamoja katika nchi ambayo haikulitaka jambo hilo. Alikuwa mshauri. Misaada kutoka nje ilipitia kwenye uhusiano wake na watu wa nje, na wageni wengine walikuja kufanya kazi.

Nimelipima hili kwa muda mrefu. Songea ya miaka ile ilikuwa mpakani mwa vita. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza mapambano Septemba 1964 ng'ambo ya mto Ruvuma, na Wareno walikuwa na wapelelezi. Kiongozi wa serikali aliyemwona mzungu kijijini, ana gari na barua za nje, alikuwa na sababu ya kuuliza maswali. Nisingependa kumfanya kila aliyeuliza kuwa mtu mbaya.

Lakini kulikuwa na ugomvi mwingine, na huo haukumhusu mzungu. Wakubwa wa mkoa walitaka tumbaku. Tumbaku ya moshi inaleta fedha za kigeni na inapendeza kwenye ripoti. Inahitaji pia kazi nyingi mno, kuni, mabanda ya kukaushia, na usingizi wa watu. Vijiji vilitanguliza chakula. Walikaa, wakahesabu nguvu zao, wakasema hapana.

Niliposoma hapo nikaweka kitabu chini.

Mtaalamu alikuwa ameshapiga hesabu, watu wakasema hapana. Mimi nilimwambia nini mama kuhusu kuku?

Septemba 24, 1969

Siku hiyo Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba chama cha Ruvuma kivunjwe. Kuanzia hapo vijiji vya ujamaa vingekuwa kazi ya chama tawala na serikali.

Mashine ya kusaga ikachukuliwa. Mashine ya mbao, magari, vifaa vya karakana, vyote. Wageni wakaondoka nchini. Walimu wa Litowa wakahamishwa, kila mmoja na kwake, na shule ile ikawa shule kama nyingine.

Baba mdogo anakumbuka gari.

"Sisi watoto gari la chama likiwashwa tulikuwa tunalikimbilia nyuma mpaka darajani. Ndiyo mchezo wetu. Siku ile tukalikimbilia vilevile. Tukawa tunapiga kelele, kwaheri, kwaheri. Watu wazima wamesimama tu, hawasemi. Mimi nikashangaa, mbona leo hawatukemei?"

Akavuta pumzi.

"Tulidhani litarudi jioni."

Mwalimu

Sijui namna ya kuandika sehemu hii bila kuumia, kwa hiyo nitaiandika hivyohivyo.

Kwetu picha ya Mwalimu ipo sebuleni mpaka leo, karibu na ya Bikira Maria. Baba yangu, Mungu amrehemu, alilia Oktoba 1999 kama alivyolia kwenye msiba wa mama yake. Mimi nimelelewa na sauti ile ya redioni. Na Nyerere aliwajua watu wa Litowa. Aliwatembelea, aliwasifu, aliwatolea mfano kwa wengine. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, aliandika kwamba watu hawaendelezwi na mtu, wanajiendeleza wenyewe, na kwamba hawajiendelezi wakiswagwa kama mifugo.

Mwaka mmoja baadaye chama chake kikawanyang'anya mashine.

Waliokuwa karibu na jambo hili wameeleza kwamba wengi ndani ya Kamati Kuu walikuwa wamekichoka chama cha Ruvuma, na Mwalimu hakuwazuia. Alikuwa mwenyekiti wao. Labda aliona akiwakatalia hili atapoteza kubwa zaidi. Labda aliamini kweli kwamba TANU itaibeba kazi ile nchi nzima, na kijiti kikiwa mikononi mwa chama kikubwa kitafika mbali.

Tunajua kilifika wapi. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini. Mamilioni wakahamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikiezuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Neno ujamaa likawa ni jina la kuhamishwa. Nimewasikia wazee wa mikoa mingine wakilitamka kwa uchungu mpaka unaona aibu kuwa na hoja.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama naruhusiwa kuwa nayo. Watu wa Litowa walizikwa pamoja na jambo ambalo hawakulifanya. Vijana tunaambiana kwamba ujamaa ulishindwa, kwisha habari. Lakini kule Ruvuma haukuachwa ukafikia kushindwa.

Nilimuuliza baba mdogo kama anamchukia Mwalimu.

"Nimchukie kwa nini? Mimi nilimwona kwa macho. Alikaa chini." Akafikiri kidogo. "Ila angesema neno."

Kumbe si Songea peke yake

Binamu yangu yuko Marekani, Iowa, na watoto watatu. Nilipomsimulia kwa simu akaniambia, "Hata hapa ipo ofisi ya namna hiyo." Wakati wa baridi wanamsaidia kulipia gharama ya kupasha nyumba joto, na mtoto wake mdogo alisoma chekechea yao bure. Akasema kwenye bodi yao kuna mama mmoja mpangaji wa jengo lao, anapiga kura na matajiri.

Nikafuatilia. Ofisi zile za kusaidia maskini, wenyewe wanaziita Community Action Agencies, leo ni karibu elfu moja nchi nzima, na zilizaliwa na sheria aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 20 Agosti 1964, miezi michache baada ya kutangaza vita dhidi ya umaskini. Sheria iliagiza kwamba maskini wenyewe washiriki kuendesha kazi kwa kadiri yote inavyowezekana. Maneno machache tu, yaliyoingizwa bila kishindo. Halafu watu wakayaamini.

Mississippi ndiko waliyaamini kuliko kote. Kiangazi cha 1965 shirika lililoitwa Child Development Group of Mississippi lilifungua vituo vya watoto zaidi ya themanini, vingi makanisani, kwa watoto weusi wapatao 6,000. Kamati za wazazi ndizo zilizoajiri walimu na wapishi. Mama aliyekuwa akivuna pamba ya mtu, anayefukuzwa kwa kujiandikisha kupiga kura tu, sasa analipwa mshahara na kamati ya majirani zake. Seneta John Stennis wa jimbo hilo akaja juu. Hesabu zao zina kasoro, akasema, na wamejaa siasa. Mwaka 1966 Washington, kupitia Sargent Shriver aliyesimamia vita ile ya umaskini, ikapeleka fedha kwa bodi nyingine mpya ya watu wenye hadhi. Yalipigwa makelele mengi na shirika likarudishiwa sehemu, lakini mgongo ulikuwa umeshavunjwa. Mwaka 1967 Bunge lao likabadili sheria, serikali za miji na wilaya zikapewa nguvu ya kuamua ni chombo gani kitashika kazi ile katika eneo lao.

Miaka miwili kabla ya Songea.

Sikufurahi kuligundua hili. Mpaka hapo nilikuwa nimepanga lawama zangu vizuri: TANU, wakubwa wa mkoa, hofu ya vita. Sasa naona nchi ya kibepari yenye fedha zote zile nayo imefika kwenye kona ileile. Serikali inaweza kumpa maskini chakula, dawa, mpaka nyumba, na ikalala vizuri. Ikimwona ameshika daftari na kalamu, anaajiri, anafukuza, anasema tumbaku hapana, hapo usingizi unaisha.

Lakini kuna tofauti moja, na ndiyo iliyobadili mawazo yangu. Wamarekani walipoyapunguza yale maneno ya sheria hawakuyafuta yote. Imebaki mpaka leo kwamba walau theluthi moja ya viti vya bodi ni vya wawakilishi wa maskini wenyewe. Theluthi haitoshi kushinda kura. Lakini yule mpangaji wa Iowa anaingia kwenye chumba, anaketi, na hawawezi kumtoa. Watu wa Litowa hawakuachiwa hata kiti kimoja.

Sanduku

Nikalifikiria sanduku la akina mama.

Ni la chuma, limepakwa rangi ya bluu, fundi wa pale pale kijijini amelichomelea. Lina kufuli tatu. Funguo zinakaa na wanawake watatu wa kaya tatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Jumatano wote wanne wasipokuwepo, halifunguki. Mama ni mmoja wa wenye funguo. Ameufunga kwenye pindo la kanga yake ya ndani, na nimewahi kumwona akiutafuta kwa vidole katikati ya misa, kuhakikisha upo.

Fedha zikihesabiwa zinahesabiwa kwa sauti, zinawekwa kwenye bakuli la plastiki katikati, kila mtu anaona. Mgonjwa akitokea kuna bakuli la pili la mfuko wa jamii. Mwaka juzi walimzika mwenzao kwa bakuli lile, bila kumpigia mtu simu mjini.

Sharti la pili la mfadhili, ofisa awe mtia saini wa akaunti, maana yake sanduku linahama. Nililisoma sharti lile kwa macho yangu mawili na sikuliona. Niliona namba, milioni 8.

Sisemi mfadhili yule ni mwizi. Huenda ofisa wake ni kijana mwema anayetaka hesabu zikae sawa, na hesabu za akina mama, ukweli usemwe, zina madoa ya mafuta. Huenda kuku wangetaga vizuri. Huenda hata wakikataa watajuta, maana kuna watoto wanaodaiwa michango ya shule na paa zinazovuja, na mimi ninayetoa mawazo haya naandika nikiwa chini ya paa lisilovuja. Hilo linaniuma kwenye hoja yangu yote. Ni rahisi mno kwa aliyeshiba kuwashauri wengine walinde funguo.

Nilitaka kumpigia mama nimwambie nimebadili mawazo, msisaini. Nikaishika simu. Halafu nikajiuliza nitakuwa nimefanya nini tofauti na mara ya kwanza.

Matetereka

Usiku mmoja baba mdogo alinipigia yeye, jambo ambalo halifanyi, kwa sababu ya vocha.

"Umesoma habari za Matetereka?"

Nikamwambia nimekutana na jina tu, kijiji kimojawapo katika vile 17, upande wa Madaba.

"Basi soma. Wale hawakuacha."

Ni kweli. Chama kilipovunjwa, mali ikachukuliwa na walimu wakaondoka, watu wa Matetereka walibaki wanalima pamoja. Waliendelea na shamba lao. Miaka mingi baadaye, baada ya Operesheni Vijiji, baada ya vita vya Kagera na njaa ya sabuni na sukari, bado walikuwapo watu pale wanaolima shamba la pamoja na kugawana kwa utaratibu wao. Hakuna aliyewaamuru kuanza, na hakuna aliyefanikiwa kuwaamuru waache.

Nilimuuliza kwa nini Matetereka waliweza na Litowa wasiweze.

"Litowa ndiko vitu vilikuwa," akasema. "Gari, ofisi, mzungu, shule kubwa. Wakaja kuchukua vitu, wakavipata. Matetereka walikuta nini? Walikuta watu na majembe."

Simu ikakatika. Sikumpigia tena usiku ule.

Jumapili

Jumapili iliyopita nilimpigia mama baada ya misa, kama kawaida. Shikamoo, marahaba, mvua imenyesha, mbuzi wa jirani ameingia kwenye mahindi. Baba mdogo hajambo, amemuuza nguruwe mmoja. Nikazunguka, nikazunguka, mwisho nikauliza.

"Mama, ile barua. Mliitia saini?"

"Tulikaa Jumatano. Tulikaa mpaka jua likazama. Tulizungumza sana, mwanangu, na wengine walilia."

"Mkaamua nini?"

Kimya kidogo. Nikasikia kuku wake, wale wa kienyeji, wanaparua karibu na simu.

"Wewe si mwanachama," akasema, kwa upole kabisa. "Mambo ya kikundi yanasemwa kwenye kikundi."

Nikamwambia sawa, mama.

"Ila Jumatano ijayo tuletee daftari jipya. Kubwa, lenye mistari. Lile limejaa."

Nimelinunua jana Kariakoo. Kesho alfajiri nampa dereva wa basi la Songea.